Godoro la Konsolata

Siku waliyolitupa godoro la Konsolata uani naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa nafua, povu limejaa mikononi. Mama yako, mdogo wangu, alikuwa bado anatambaa hapa hapa Rumonge.

Usiniangalie hivyo. Jana nilikusikia ukimwambia mama yako kwenye simu kwamba chuo kikifunguliwa utakwenda kwa rekta, mkuu wenu wa chuo, kuomba msamaha peke yako, na Divine aliyefukuzwa kwa sababu ya mgomo wenu "atajijua mwenyewe." Divine huyo huyo mliyelala naye chumba kimoja! Nimekasirika mpaka usingizi umenipotea. Basi kaa, kunywa chai yako, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Chuo hicho unachosoma wewe ndicho nilichosoma mimi. Wakati wetu mjumbe wa wanafunzi aliteuliwa na rekta. Ndiyo, rekta mwenyewe! Anatafuta kijana mpole, anayecheka bosi akicheka, kisha anatuambia huyu ndiye anayewasemea. Maji yakikatika bwenini, mjumbe anatuambia tuvumilie. Rekta aliyetangulia alifanya hivyo hivyo, na watu walikuwa wamezoea.

Konsolata hakuzoea. Alikuwa mwenzangu wa chumba, msichana wa Kabonga, kule karibu na mpaka, wazazi wake wamerudi kutoka ukimbizini Tanzania. Siku ya mkutano, amfi, ule ukumbi mkubwa wa masomo, imejaa mpaka kwenye ngazi, akasimama. "Bwana rekta," akasema, "mjumbe wetu tutamchagua wenyewe. Huyu ni wako." Weee! Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma.

Kesho yake akafukuzwa. Wazamu, wale walinzi wa bweni, wakaambiwa watoe godoro lake, kwa kuwa asiye na kitanda chuoni alikuwa haruhusiwi kufanya mtihani. Na mitihani ilikuwa wiki ile ile, ya mwisho kabla hajawa mwalimu. Konsolata akakaa juu ya godoro lake pale uani. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa hasira.

Nikapanda ngazi, nikashusha godoro langu, nikaliweka kando ya lake. Akaja wa chumba cha jirani na lake, akaja mwingine. Ilipofika saa sita ua mzima ulikuwa magodoro, yote ya chuo, yote ya rangi moja. Rekta akaja mwenyewe na suti yake. "Rudisheni magodoro yenu ndani," akasema. "La yule libaki hapo." Hatukutikisika.

Sasa ngoja nikupeleke Gitaza kidogo, kule kwa wavuvi wa ziwani, maana bila Gitaza hutaelewa. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nakwenda kwa shangazi Zaituni, aliyekuwa anakausha ndagala, dagaa wa ziwani. Siku moja wingu likashuka kutoka milimani, nami nikakimbilia kichanja chetu kilichokuwa mwisho kabisa, nikavipita vya majirani. Shangazi akanishika sikio. "We mutoto, unachagua? Mvua iko inachagua? Anza na ile iko karibu yako!" Ndivyo wanavyofanya pale mpaka leo. Mvua ikija unaokoa ndagala iliyo karibu na mkono wako, hata kama ni ya mtu mliyegombana naye asubuhi, na mwingine anaokoa yako. Kutafuta ipi ni ya nani ni kazi ya baadaye.

Basi mvua ikatushukia pale uani. Wasichana wakaanza kugongana, kila mmoja anatafuta lake. Nikapiga ukelele: "Anza na lililo karibu yako!" Wengi tulikuwa wa huku ziwani, Rumonge, Gitaza, Nyanza-Lac, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kufumba na kufumbua ua ukawa mtupu. Godoro la Konsolata likaingia ndani pamoja na mengine, na hadi leo sijui nani alilibeba.

Rekta alikuwa amejibanza barazani, amelowa chapachapa. "La yule liko wapi?" Wazamu wakatazamana. Mmoja akajibu, "Patron, yote iko inafanana." Ndipo akanigeukia mimi niliyepiga ukelele. "Wewe. Nionyeshe."

Nikamwambia: "Bwana rekta, mvua haikuchagua. Na sisi hatuchagui."

Hakuweza kumtoa Konsolata bila kutoa magodoro ya bweni zima, na bweni tupu wiki ya mitihani lingemuaibisha kwa wakubwa zake. Konsolata akafanya mtihani, akafaulu, akafundisha watoto Nyanza-Lac mpaka akastaafu. Hasira zote zikaniangukia mimi. Nikafukuzwa mwaka mzima. Baba alitaka nikapige magoti. Nikamwambia, baba, nitakusaidia kukamua mawese, lakini magoti hapana. Nikakamua mwaka ule wote, na sikujuta hata kidogo. Niliporudi, nilimkuta mjumbe aliyepigiwa kura na wanafunzi. Kura hizo mnazopiga ninyi leo mkidhani zilikuwepo siku zote, ndizo hizo.

Mwanangu, sikukatazi kumheshimu rekta. Msalimie vizuri, umpe cheo chake. Lakini msamaha wa nini? Umemkosea nini? Nakuambia waziwazi: usiingie chuoni huku Divine amebaki nje ya geti. Simama naye hapo, na wenzako wasimame. Wakikunyima mwaka, urudi kwangu. Mashine ya mawese ipo, chumba kipo, na mimi nikiwa hai hakuna atakayekusimanga. Afadhali nikuone na mafuta mpaka viwikoni kuliko nikuone umemuuza rafiki yako.

Mungu akupe goti gumu na sauti isiyotetemeka, akurudishe darasani kichwa juu. Haya, simu hiyo hapo. Anza na Divine, ndiye aliye karibu yako.