Nilivyomwonea wivu Madam wa mkondo B kwa sababu ya shikamoo za watoto

Wakuu, za jioni. Leo natua mzigo, na sitaongeza chumvi.

Nafundisha Kiswahili darasa la sita, shule moja hapa Ifakara. Mimi nina mkondo A. Mkondo B una Madam, binti mdogo tu, ajira mpya. Mwanangu Neema yuko huko B.

Watoto wa mikondo yote miwili waliandika hadithi za enzi za kivuko cha mtoni, kabla ya daraja kujengwa. Kwenye rasimu ya pili tukawaambia waongeze mazungumzo.

Wakuu, nilichokipata sasa.

Shikamoo babu. Marahaba mjukuu. Habari za Lupiro? Nzuri. Za shamba? Nzuri. Mpunga? Umestawi. Ukurasa unaisha, kivuko hakijaondoka.

Nikakata salamu zote kwa kalamu nyekundu. Hadithi zikabaki kavu vilevile.

Madam hakukata. Aliwauliza tu, "Mkubwa asipoitikia, maana yake nini?" Darasa zima likainama kuandika. Nilikuwa dirishani, nikaona. Roho iliniuma, siwadanganyi.

Na nyumbani nako kila tukila, "Madam kasema hivi, Madam kasema vile." Nikaona kabisa mtoto ananitoka.

Hadithi moja ilitakiwa isomwe mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Mwalimu mkuu akachagua ya Neema. Nilipaswa kufurahi, lakini nilichosikia ni kwamba Madam kashinda.

Siku ikafika, Neema akasoma. Kwenye hadithi yake, binti alivuka mto kwenda kuolewa bila ruhusa, sasa karudi kwao.

"Shikamoo baba."

Baba anaendelea kunoa jembe.

"Baba, shikamoo."

"Mama yako yuko jikoni."

Mama mmoja mbele yangu akajifuta macho kwa khanga.

Jioni nikamuuliza Neema, "Huyo baba umemtoa wapi?"

Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua uso. "Kwako, baba. Madam akikuamkia pale getini, huwa unaangalia baiskeli."



Shule ilipofunguliwa Madam akaniamkia kama kawaida. Neema alikuwa kwenye keria nyuma yangu. Nikaitikia marahaba, kwa sauti ya kusikika.

Wivu bado ninao, wakuu. Ila nimejifunza kwamba watoto wanaandika wanachokiona, na salamu zao sizikati tena.

Nyie mliowahi kumwonea wivu mtu anayewaamkia kila siku, mlimwitikiaje?