Nyuma ya Bango la Sapiwi

Sikwenda Sapiwi kutembea. Nilikwenda kugombana. Dada yangu Nyanzobe alinipigia simu kwamba watu wa barabara wameliwekea X nyekundu bango la mgahawa wake, kwa kuwa limesimama ndani ya hifadhi ya barabara, na amepewa siku chache aling'oe. Bango hilo nililichora mimi. Mabango ndiyo kazi yangu hapa Bariadi, na lile nililionea fahari kuliko yote: bati pana, sato wa kukaanga, na maandishi ambayo dereva anayasoma akiwa bado mbali. Nilisifiwa sana kwa bango lile, na mgema akisifiwa mnajua anachofanya.

Asubuhi nilifunga kopo la rangi nyeupe kwenye pikipiki, nikashika barabara ya Lamadi. Nilikusudia kuifuta ile X kwanza, kisha niende ofisini kwao nikawaulize kwa nini wanamwandama mjane. Njiani pamba ilikuwa imepasuka, watu wameinama wakichuma, lakini sikuwatazama sana. Nilikuwa napanga maneno makali.

Nilipofika Sapiwi, Nyanzobe alikuwa anageuza chapati.

"Wateja wangu wanaletwa na bango, kaka," alisema. "Likiondoka, magari yatapita tu mpaka Lamadi. Watoto watakula nini?"

Nikamwambia atulie. Nikafungua kopo.

Nilikuwa nimefunika mkono mmoja wa X mtu aliponisalimu. "Mwangaluka, fundi."

Alikuwa Ng'wandu, mfugaji jirani yao. Ndiye aliyenisaidia kuchimba mashimo ya nguzo siku tulipolisimamisha bango. Safari hii alikuwa kwenye magongo.

"Umepatwa na nini, nkoi, rafiki yangu?"

"Weka brashi chini kwanza. Njoo usimame huku."

Akanipeleka nyuma ya bango, pale njia ya ng'ombe inapotokea barabarani. Nikasimama. Mbele yangu kulikuwa na bati tu. Nikasikia lori, sikuliona. Nilipoliona lilikuwa limeshafika, limesheheni pamba, na upepo wake ukanivua kofia.

"Lililonigonga mimi hata kulisikia sikulisikia," alisema Ng'wandu. "Ng'ombe walikuwa wanalia. Wawili walikufa hapo hapo. Mimi ni huu mguu."

Hakupandisha sauti. Heri angenitukana.

Nikamgeukia dada yangu. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeling'oa." Akajifuta macho kwa kanga. "Kila siku namwona anapita na magongo yake, kaka. Nainamia chapati zangu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Kila nimalizapo bango, husimama katikati ya barabara nikaliangalia kama dereva. Nikiridhika, naondoka. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kusimama nyuma yake, anaposimama mtu anayetaka kuvuka.

Hatukuwasubiri watu wa barabara. Nikaazima sululu, na kabla ya saa sita nguzo zilikuwa zimelala. Ng'wandu akafukia mashimo kwa ncha ya gongo, taratibu, mashimo yale yale aliyoyachimba. "Wabeja," akasema, asante, na shukrani hiyo ikaniuma.

Rangi iliyobaki nikaandikia jina la mgahawa ukutani, herufi kubwa kadiri ukuta ulivyoruhusu.

"Wataliona?" Nyanzobe aliuliza.

Sikuweza kumdanganya. "Wachache."

Akatikisa kichwa, akarudi jikoni. Nilimwahidi nitakuwa namletea unga mpaka mambo yakae sawa, na nitaleta.

Alasiri nilianza kurudi. Kati ya Sapiwi na Bariadi kuna mabango yangu sita. Nilisimamisha pikipiki kwenye kila moja, nikazunguka nyuma yake, nikangoja gari lipite. Nyuma ya la kwanza niliona barabara yote. La pili na la tatu pia. Nyuma ya la nne palikuwa na njia nyembamba iliyokanyagwa na viatu vidogo, ikitoka upande wa shule, na mbele yake bati liliziba barabara.

Nikaenda nyumba ya karibu, nikapiga hodi, nikaomba jembe.