Viatu Alivyoviacha Mlangoni

Siku Dadi alipokuja kuomba kazi, Mikidadi hakumtazama usoni. Alimtazama miguu. Alimwambia anyanyue unyayo wa kulia, kisha wa kushoto, akaubonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayechagua papai sokoni.

"Wa wapi wewe?"

"Wa Saadani, bwana. Mama yangu Mzigua."

"Miguu mizuri. Mengine tutaona."

Mikidadi alijitoa mwenyewe kwenye ufukara. Alianza kwa kusokota kamba za kufungia mizigo ya misafara pale Bagamoyo, na sasa Mzungu akitaka wapagazi, kwake ndiko alikopelekwa kwanza. Alijua wapagazi hudai nini: posho, nguo, siku za kupumzika. Dadi hakudai zaidi ya wenzake. Alitaka neno tu. Akimaliza safari tatu bila kutupa mzigo wala kutoroka, afanywe kirangozi, yule anayetangulia msafara na bendera mkononi.

Mikidadi akakubali pale pale. Neno halikumpunguzia kitu ghalani.

Safari ya pili ilikuwa ya Mzungu mmoja mkusanya ndege. Aliwachuna, akawajaza pamba, akawafungia makashani. Wapagazi wakamwita Bwana Ndege. Alipotaka kurudi kwao, kaskazini kabisa mwa Ulaya, alimtaka Dadi afuatane naye, amwangalizie makasha yake.

"Mchukue," alisema Mikidadi, "lakini ukija tena, wapagazi wako wote utawachukua kwangu."

Dadi aliuliza jambo moja. "Hii itahesabiwa safari ya tatu?"

"Itahesabiwa. Bwana Ndege akirudi na sifa zako, bendera ni yako."

Walirudi baada ya mwaka na ushei. Mikidadi alikuwa barazani. Alisikia hatua za Dadi kabla hajainua kichwa, na hatua zenyewe hazikumpendeza. Begani Dadi alibeba mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda ncha.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Vipi, jahazi limevunjika, umeokoa mbao mbili?"

"Zawadi ya Bwana Ndege. Kwao huvaliwa miguuni."

"Huvaliwa!" Mikidadi alicheka mpaka akashika ubavu. "Basi na milango huvaliwa kichwani!"

Dadi akacheka naye, akaketi, akasimulia. Huko, alisema, kuna miezi ambayo ardhi yote hufunikwa na theluji, nyeupe na laini kama unga, na maji ya ziwani yakawa magumu hata mtu akayakanyaga. Ikaja sikukuu yao ya kuzaliwa Nabii Isa. Jamaa za Bwana Ndege, wake kwa waume, hata mama yake mzee, wakafunga mbao miguuni kwenda kula karamu kwenye nyumba ya magogo juu ya kilima. Dadi naye akafungiwa za kwake, akatwikwa kapu la chakula.

"Ukaanguka?"

"Nikaanguka, wakacheka. Nikaanguka tena, nikacheka na mimi. Halafu nikaona ni kama kuvuka tope la mto: mguu huunyanyui, unausukuma. Nikafika na kapu kichwani, haukudondoka hata mkate mmoja. Wakanipigia makofi."

"Vema. Kisha?"

"Kisha nikafika mlangoni."

Wenyeji waliingia na viatu vyao. Yeye, mtoto wa pwani, hakuweza. Ndani mlikuwa na mama wa watu, na zulia, na chakula. Akavua buti zake zilizolowa, akazipanga nje ukutani kando ya mbao, akaingia na soksi. Yule mama mzee akamtabasamia. Hakuna aliyemwambia neno. Wakala, wakaimba, wakapeana zawadi. Dadi alikula samaki na mkate, nyama ya nguruwe akaiacha.

"Nilipotoka, buti zimeganda kwa baridi, zimekuwa jiwe. Mguu hauingii. Wenzangu wameshafunga mbao, wanateleza kushuka, wanaimba. Nikaviringisha magunia miguuni, nikashuka kwa kutembea."

"Kwa nini hukupiga kelele, mjinga wewe?"

Dadi alimtazama. "Mpagazi anayelia njiani huwa kirangozi? Wewe ulitaka sifa zangu zije na Bwana Ndege. Nikafunga mdomo. Katikati ya kilima maumivu yakaisha kabisa. Nikafurahi, bwana. Nilidhani miguu imezoea."

Mikidadi hakucheka tena. "Hebu vua."

Mguu wa kushoto haukuwa na kidole hata kimoja. Wa kulia ulibakiwa na viwili. Vingine vilikuwa vimegeuka vyeusi, tabibu wa huko akavikata.

"Sifa zimekuja," alisema Dadi. "Najua Bwana Ndege alipita hapa jana. Bendera yangu iko wapi?"

Ni kweli alipita. Alimsifu Dadi sana, akaagiza wapagazi wa safari mpya, wote kwa Mikidadi.

"Kirangozi akichechemea, msafara mzima unachechemea."

"Neno letu halikutaja vidole."

"Halikutaja kwa sababu ulikuwa navyo."

Akampa kazi ya kulinda ghala. Dadi akaikataa, akainuka, mbao akaziacha pale pale barazani. Bendera akapewa Mwinjuma, mtu wa maneno mengi na miguu mizima.

Mikidadi alipata msafara wa Bwana Ndege, na mbao mbili alizozipigilia ukutani ghalani zikawa rafu nzuri ya vibaba vya kupimia posho. Alichopoteza alikijua baadaye. Habari iliwafikia wapagazi, na tangu hapo hakuna aliyekubali neno lake mpaka alete mashahidi kutoka msikitini, na mashahidi nao walitaka chao. Dadi alikaa kwake, mkewe Dija akichambua usumba wa makumbi ya nazi, yeye akisokota kamba. Zilikuwa kamba imara kuliko zote za mjini, na msafara hauondoki bila kamba.

Msimu wa safari ulipofika, Mikidadi akatuma mtu kwa Dadi kununua kamba. Mtu akarudi mikono mitupu na jibu la Dadi: bwana wako aje mwenyewe. Akaenda. Mlangoni akavua makubadhi yake ya ngozi. Alibishana bei mpaka jasho likamtoka. Dadi hakushuka hata kidogo, wala hakumkaribisha mkekani. Mikidadi akalipa.

Makubadhi yalikuwa yamekaa juani muda wote huo. Akayatia miguuni, yakamchoma, akaenda zake akirukaruka na zigo la kamba begani. Dija alicheka nyuma ya mlango mpaka akajifunika kanga usoni. Dadi hakucheka. Alivuta usumba mwingine, akaendelea kusokota.