Bidoni Moja Bila Dawa

Admin, naomba ufiche jina langu na ubadilishe ya wengine, maana huku kwetu simu moja inasomwa na watu kumi.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwenyeji wa Ngungu. Vita vilitufukuza, sasa niko kambini upande wa Kirolirwe. Nilipata kazi kwenye kituo cha maji: kila bidoni, lile dumu la kuchotea, ikijaa naitia dawa ya maji, klorini, kwa bomba la sindano, na malalamiko ya watu nayaandika kwenye daftari. Malalamiko hayakuisha. Maji yananuka, maharage yamebadilika ladha, wanawake hawatazaa tena. Wengine nilicheka nao, kwa sababu huyo aliyesema hatazaa tena alikuwa na mimba kubwa mbele yangu.

Lalamiko moja tu ndilo sikuweza kulicheka. Aliyelileta nitamwita Mama Neema. Ndiye aliyenipokea nilipofika bila hata kitenge cha kubadilisha, akanilaza kwake mpaka nikapata hema. Amebakiwa na ng'ombe wawili, anauza mashanza, yale maziwa ya mgando, na hapo ndipo chakula cha familia yake kinapotoka. Tangu aanze kuosha visabo vyake, vibuyu vya maziwa, kwa maji yenye dawa, maziwa yakawa hayagandi. Niliandika. Shefu wangu akasema hayo ni mawazo ya wafugaji, nimweleze tu. Iliniuma, kwani yale maziwa niliyaonja mwenyewe.

Siku moja Mama Neema akaniambia polepole, "Mutoto yangu, unipatiye bidoni moya bila dawa. Iko ya kuosha visabo tu."

Ningemkataaje? Nikasukuma sindano tupu mbele ya watu wote. Kesho yake tena, ikawa mazoea. Mashanza yakaganda, akaniletea kikombe, nikajiona mtu wa maana.

Bidoni zetu zote ni za njano. Wakati huo kipindupindu kilikuwa kimeshaingia kambini. Mke wa mwanawe wa pekee alirudi shambani na kiu, akachota kwenye bidoni iliyokuwa karibu, ile ya visabo. Alianza kuharisha na kutapika, na siku ya pili hakufika jioni.

Kwenye matanga Mama Neema alilia akisema dawa ya maji ndiyo iliyomuua mkwe wake. Watu wakalishika neno hilo. Sasa wanakwenda kuchota mtoni, wagonjwa wanaongezeka, na mimi nikaletewa lalamiko niliandike: dawa imeua mtu. Nililiandika kwa mkono wangu huu, nikijua ni uongo.

Nilimwendea Mama Neema nikamsihi tuseme ukweli. Alinishika mikono. "Ukisema, ule mutoto yangu mwanaume hataniita mama tena. Mimi njo niliomba, lakini wewe njo ulikubali." Jamani, nina hasira naye, na bado nampenda.

Juzi mwanawe alikuja kituoni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Dada, uniambiye ukweli. Ulimuwekea dawa mingi?"

Nikamjibu hapana, sikumwekea nyingi. Akanishukuru, akaondoka.

Kesho kuna mkutano. Wanataka ndoo ya dawa iondolewe kabisa, na mimi ndiye nitakayesimama kusoma daftari. Nikisema ukweli nitapoteza kazi, na mama aliyenipokea atampoteza mwanawe. Nikinyamaza, watu watazidi kunywa maji ya mto na tutazidi kuzika. Sijala tangu jana. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nawaomba mnishauri kabla hakujakucha: yule mwanaume aliyenishukuru, nikamwambie nini?