Nusura ninyimwe chuo Birmingham kwa sababu nina "shahada mbili"

Wakuu, hamjambo humu ndani. Leo nawaletea yangu, na si chai. Anayetaka kubisha abishe, mimi nilikuwepo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nimetoka Mombasa, naishi Sparkbrook kwa Ami Salim, ndugu yake marehemu baba, aliyekuwa akiuza nyama Ladypool Road. Mimi kibarua kiwandani Tyseley, nasaga vyuma mpaka nakohoa masizi.

Basi nikapata nafasi chuo kikuu, engineering. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Kizingiti kikawa ada. Sheria ilikuwa hivi: council, yaani serikali ya mji, inakusomesha digrii moja. Kama unayo tayari, ya pili jilipie mwenyewe. Nami kwa mshahara ule, bila council ningezeekea kiwandani.

Bwana wa council akanishuku. Mtu mzima, Kiingereza kimenyooka, huenda alishasoma kwao. Akataka aulizwe mtu anayenijua tangu utoto, mimi nikae pembeni kimya.

Nikampeleka Ami. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia maini tu, so mkalimani akawa Mwalimu Mutiso, Mkenya mwenzetu wa bara, mtu wa kanisa, Kiswahili chake cha kitabuni.

Mlioko ughaibuni, mkalimani mchagueni kama mnavyochagua mchumba.

Yule bwana akauliza kama nina degree. Mwalimu angesema "digrii" tu, mambo yangeisha. Lakini wapi! Akakohoa kidogo, akatoa Kiswahili sanifu:

"Je, kijana huyu ana shahada?"

Ami akavimba. Kwake shahada ni ile ya dini, kumkiri Mungu mmoja na kumkiri Mtume wake. Aliona anaulizwa kama amelea kafiri.

"Yuna shahada mbili!"

"Two degrees," Mwalimu akatafsiri, akinitazama kama mwizi wa kuku.

Bwana wa council akaweka kalamu chini. Nikafungua mdomo, akaninyamazisha kwa kidole.

"Alizipata lini?"

"Babake alimsomea sikioni siku aliyozaliwa. Kuzitamka mwenyewe, hata meno hayajatimia."

"Zote mbili?"

"Kwani hukatwa nusu?"

Mwalimu alitafsiri yote, sauti ikizidi kufifia. Mwishowe akashika kichwa. "Ngai! Mzee, unasema shahada ya dini?"

"Kwani kuna nyengine?"

Mwalimu alipomweleza, yule bwana alicheka mpaka akavua miwani. Akasema hizo council haikuzilipia, kwa hiyo hazihesabiki. Ada yangu ikapita.

Ami hakucheka. Tulipotoka nje akanishika mkono.

"Hiyo ya serikali, wakupa ngapi?"

"Moja tu, Ami."

"Basi isome vyema, mwanangu. Ukiiharibu hino, hawakupi nyengine."

Wakuu, maneno yale yalinisomesha kuliko profesa yeyote. Kila nilipotaka kukata tamaa nilimsikia, na niliimaliza.

Funzo: Kiswahili ni chetu sote, ila kila mtu ana maana yake mfukoni. Mbele ya serikali ya watu, sema digrii.

Nanyi, neno gani liliwahi kuwatia matatani? Shusheni hapa. Wenye shahada zaidi ya mbili wakae pembeni kwanza.