Ng'ombe Mmoja, Harusi Mbili

Wazo la kuunganisha harusi lilikuwa langu, na kwa muda mrefu sikupenda kulikiri.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mchumba wangu alikuwa karani wa mizigo kwenye stesheni ya Malaba. Mahari ilikuwa imemmaliza. Kila tulipoketi kupanga, orodha ya wageni ilirefuka, kwa sababu baba yangu huko Matayos hakuwa tayari kumwacha mtu yeyote wa ukoo. Basi katekista alipotuambia kwamba Jumamosi yetu kulikuwa na wengine wawili wa kufunga ndoa katika misa hiyohiyo, nikamwuliza kama na wao walikuwa na shida ya karamu.

Walikuwa nayo. Binti alikuwa wa kabila la Wateso, kutoka Kocholia, mshonaji, mtu wa maneno machache. Mchumba wake alifanya kazi ya ujenzi Tororo, ng'ambo ya mpaka. Tulikutana uwanjani pa misheni tukakubaliana: wao walete ng'ombe, sisi tulete mchele, unga, majani ya chai na turubai. Mama yangu hakufurahi.

"Na wakikosa kuja?" akaniuliza.

"Mama, mtu anakosaje harusi yake mwenyewe?"

"Nimeuliza tu."

Wiki ya mwisho, mpaka wa nchi ukafungwa. Miaka ile ilikuwa kawaida. Leo malori yanapita, kesho kizuizi kimeshushwa na askari hawataki maswali. Mchumba wangu alikuja shuleni akiwa amekunja uso. Malori yalikuwa yamejipanga kutoka forodhani hadi karibu na soko, na yule kijana wa ujenzi alikuwa upande wa pili. Hakuna aliyejua kama atapata njia.

Nami, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichouliza kilikuwa, "Na ng'ombe?"

Akanitazama. "Ng'ombe yuko Kocholia. Yeye hajavuka popote."

Siku zile nilikula kidogo. Nilisahihisha madaftari ya darasa zima, kisha nikayasahihisha tena bila kujua. Nilijiuliza, je, watu wale wakiahirisha, wakabaki na ng'ombe wao, wageni wa baba watakula nini? Wali mkavu? Nikiwaza, nilimwona baba amesimama mbele ya ndugu zake akiwaomba radhi. Yule binti nilimkumbuka mara moja moja tu, na kila nilipomkumbuka nilijilazimisha kuwaza mengine.

Jumamosi binti na jamaa zake walifika, bila kijana. Binti alivaa gauni jeupe alilolishona mwenyewe. Nyama ilikuwa kwenye makarai, imefunikwa kwa majani ya migomba. Padri akangoja. Kila kengele ya baiskeli ilipolia nje, binti aligeuka. Wageni wakaanza kunong'ona. Saa saba padri akatuita pembeni.

"Nitawafungisha hawa," akamwambia binti. "Mwenzako akifika, hata kama ni katikati ya wiki, kanisa nitalifungua."

Nikamwambia binti, "Dada, tunaweza kuahirisha sote." Nilisema kwa sauti ndogo, huku moyoni nikiomba akatae.

"Hapana," akasema. "Chakula kitaharibika."

Baada ya misa nilimwendea babake. "Mzee, nyama hii ni yenu. Mkitaka kurudi nayo..."

"Ng'ombe ameshachinjwa, mwalimu. Nirudi nayo nikamlishe nani? Watu wako hapa."

Watu wakala. Wengi hawakujua lolote. Shangazi yangu alimwuliza yule binti kama yeye ndiye msimamizi wangu, naye akaitikia ndiyo. Kisha akavua shela yake, akaikunja, akachukua birika na beseni akaanza kuwanawisha wageni mikono. Alipofika mbele yangu sikuweza kumtazama. Maji yalikuwa vuguvugu. Aliniambia nile, nimekonda.

Siku ya nne kijana alitokea, matope yamemkaukia hadi mapajani. Alikuwa ameuvuka mto wa mpakani mbali na daraja. Katekista alikuja kunitafuta shuleni. Nikamwachia mwenzangu darasa, nikapanda nyuma ya baiskeli yake. Kanisani tulikuwa watu wanane. Gauni lilikuwa limefuliwa, lakini pindo lake lilibaki na doa la mchuzi. Nilimsimamia binti. Kila mara niligeukia mlango, nikiogopa hata wakati ule kwamba mtu angeingia kumkamata kijana.

Hakuna aliyeingia. Tulikunywa chai kwangu, kwa mkate na maharagwe, na babake binti akatubariki sote wanne kwa Kiteso.

Kijana hakurudi Tororo. Mume wangu alimtafutia kibarua cha kupakia magunia stesheni, nao wakapanga chumba nyuma ya chetu. Kwa miezi mingi, alipochelewa hata kidogo, mkewe alitoka akasimama njiani, na hakukuwa na maneno yangu yaliyoweza kumrudisha ndani.