Mfereji Uliogeuzwa Mpaka

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu chochote. Mzee Ogeto, Mkuu wa Kinu, alinionyesha gunia tupu karibu na mlango, nami nikalikalia tangu asubuhi hadi mama wa mwisho alipojitwisha unga wake akapanda mlima. Jioni akaniuliza, "Umesikia nini, momura?" Hivyo ndivyo wazee wetu wanavyomwita kijana. Nikasema nimesikia jiwe likizunguka. Akafunga mlango. "Basi kesho utakaa tena."

Kilikuwa kinu cha maji, bondeni, upande wa pili wa vilima vya Keroka, kwenye kijito kinachoteremka kuelekea mto Gucha. Uhuru ulikuwa bado mpya. Msomaji kijana amezoea mashine inayonguruma sokoni, kwa hiyo nitaeleza yetu ilivyokuwa. Juu mtoni palikuwa na ukingo wa mawe ulioyageuza maji kiasi yaingie kwenye mfereji. Mfereji ulifuata ubavu wa kilima polepole, ukipita katika mashamba ya watu, hadi juu ya kinu. Hapo maji yaliingia kwenye mtaro wa mbao, yakaanguka juu ya gurudumu, gurudumu likazungusha mhimili wa chuma, na mhimili ukazungusha jiwe la juu. Jiwe la chini halikusogea. Nafaka ilishuka kati ya mawe hayo mawili kutoka kwenye sanduku la mbao, ikatokea pembeni ikiwa unga.

Alichotaka Mzee Ogeto nisikie nilikisikia siku chache baadaye. Nafaka ikipungua sandukuni, sauti ya jiwe inakuwa nyembamba. Ukichelewa kuongeza, mawe yanagusana, na unga wa mtu unaingia mchanga. Baada ya kujua hilo sikupata raha tena. Nilikuwa kijana mwenye hofu ya kukosea, na sijui hofu hiyo niliitoa wapi, kwa sababu nyumbani hakuna aliyenichapa kwa makosa madogo. Nilionja unga wa kila kikapu. Nilisimamisha kinu kwa ajili ya sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Nilirudi njiani kuhakikisha nimefunga lango la maji, nikalikuta limefungwa, na kesho yake nikarudi tena.

Mong'ina Kerubo, na mong'ina kwetu ni mama mzee, alikuwa mjane aliyeleta nafaka yake ya wimbi kila wiki, naye alinicheka mbele ya foleni nzima. "Mtazameni huyu. Anausikiliza unga kama daktari anayesikiliza kifua. Mwanangu, mgonjwa ni wimbi au ni wewe?"

"Sitaki ulalamike, Mong'ina."

"Nitalalamika hata ukisaga vizuri. Nikinyamaza, nitaongea na nani?"

Na kweli alikuja kuongea. Wote walikuja kuongea. Kinu cha maji hakina haraka, na mtu aliyeweka kikapu chake kwenye foleni alikuwa na nusu siku ya kukaa majanini. Posa zilianzia pale. Wasichana walisukana nywele, wagonjwa waliulizwa hali, na waliokosana walilazimika kukaa karibu kwa sababu vikapu vyao vilikuwa vimefuatana. Ijumaa foleni ilikuwa ya kelele kuliko siku zote, maana Mzee Ogeto alikuwa Msabato na jua likitua alifunga maji hadi Jumapili. Kerubo, Mkatoliki, hakumsamehe. "Ogeto, wewe utakula Sabato. Sisi Wakatoliki tutakula katekisimu?"

Kuchonga mawe nilijifundisha mwenyewe. Jiwe la kinu lina michirizi inayokata nafaka na kuusukuma unga nje, na michirizi hiyo huisha. Macho ya Mzee Ogeto yalikuwa yameanza kufifia, na fundi aliyekuwa akitoka mjini Kisii aliacha kuja. Nikapata vipande vya mawe laini ya Tabaka, yale yanayochongwa vinyago, nikajizoeza kwa patasi na nyundo hadi mkono ukatulia. Siku nilipoligusa jiwe lenyewe nililifuta vumbi mara tatu kabla ya kuanza. Unga wa kwanza baada ya kuchonga hupewa kuku kwa sababu ya chembe za jiwe. Mimi nilitupa hata wa pili.

Mfereji pia nilijifunza kwa njia hiyo. Ukiinama sana, maji yanaula udongo. Ukilala sana, maji yanaacha tope. Niliweka chupa yenye maji nusu juu ya ubao, nikatembea nayo mfereji mzima nikiangalia maji ya chupa yanaegemea wapi. Watu walidhani naroga.

Lakini tope haliondolewi na chupa. Kila mvua zilipopungua, Mzee Ogeto alituma habari, na familia zote za kando ya mfereji zilitoka na majembe. Kwetu kazi ya pamoja namna hiyo huitwa risaga. Hakuna aliyelipwa. Waliochimba walikunywa uji, wakasaga unga wao, wakaenda zao. Mzee Ombati alikaa upande wa juu wa mfereji, na Mzee Mokua upande wa chini. Walisimama wakitazamana, kila mmoja akitupa tope upande wake.

"Mokua, chimba! Unauegemea mpini kama mkwe aliyekuja kula."

"Mimi nachimba. Wewe unakwaruza kama kuku wa mke wako."

Watu wa mfereji, ndivyo tulivyoitwa sokoni Keroka, kama vile sisi ni ukoo. Hatukuwa ukoo mmoja. Maji tu ndiyo yaliyotuunganisha.

Kisha wakaja watu wa serikali kupima mashamba, ili kila mwenye shamba aandikiwe lake. Afisa wa Ardhi alikuwa mgeni wilayani, mtu mpole mwenye kofia ya majani makavu, na aliongea nasi Kiswahili. Alipofika kinuni akamuuliza Mzee Ogeto, "Mzee, mfereji huu ni wa nani?"

"Wa maji."

"Nauliza umeandikwa wapi."

"Haujaandikwa popote, Bwana Afisa. Ndiyo sababu unapita."

Afisa alicheka, akaenda zake. Mimi sikucheka. Nilifikiria mashamba yote ambayo maji yetu yalivuka. Kila mwenye shamba akishapata cheti chake, mmoja tu akiamua kuziba, kinu kimekufa, na hatutakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Nilimwambia Mzee Ogeto. Akasema, "Tutaongea nao kwenye risaga, kama siku zote." Jibu hilo lilinitesa. Kuongea nao! Nilitaka kitu ambacho hakiwezi kubadilika hata watu wakiamka vibaya.

Nafasi ikatokea kwa Ombati na Mokua. Mpaka wao wa zamani ulikuwa mti wa omotembe, ule wenye maua mekundu, na mti huo ulikuwa umeanguka zamani hata kisiki hakionekani. Ombati alisema ulisimama hapa, Mokua akasema ulisimama pale. Kamati ya wazee waliosaidia kupima ilichoka kuwasuluhisha. Nikamfuata Afisa njiani, nikamwambia, "Bwana Afisa, kwa nini mfereji wenyewe usiwe mpaka? Kwa hawa wawili na kwa wengine wote wa juu na wa chini. Kila mtu anaujua."

Alisimama akautazama. "Mpaka unaoonekana na kila mtu. Na hauanguki kama mti." Akanipiga begani. "Kijana, ungefaa kufanya kazi na mimi."

Ombati alikubali, Mokua akakubali, na majirani wengine wakafuata. Mfereji ukaingia kwenye ramani ya serikali, na mpaka wa serikali, nilijiambia, hakuna atakayethubutu kuuziba. Siku hiyo nilitembea nikiwa mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama. Mzee Ogeto peke yake ndiye hakufurahi. "Umewapa mpaka," aliniambia. "Sasa nani atauchimba?"

Sikumwelewa. Nilidhani ni uzee.

Mvua zilipopungua, habari ya risaga ikatumwa, na watu wakaja na majembe kama kawaida. Ombati alichimba pigo la kwanza, la pili. Mokua akaweka jembe lake chini.

"Unachimba upande gani?"

"Nachimba tope."

"Tope lililo upande wangu. Kila pigo lako linauleta mfereji kwangu."

"Basi chimba wewe."

"Nikichimba, utasema nimekula shamba lako."

Wakatazamana, na safari hii hakuna aliyetania. Mbele kidogo majirani wengine walikuwa wamesimama vilevile, majembe begani. Hawakuwa watu wabaya. Mashamba yalikuwa yamepungua na wana wa kiume wamekuwa wengi, na upana wa jembe ulitosha mstari mzima wa mahindi kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine. Uji ulipoa kwenye sufuria. Mmoja mmoja wakarudi nyumbani.

Nikaamua kuchimba peke yangu. Mimi sikuwa na shamba pale, nani angeniogopa? Asubuhi ya kwanza mke wa Ombati alishuka akasimama juu yangu. "Mwanangu, umetumwa na Mokua?" Alasiri mtoto mkubwa wa Mokua akaja kuuliza kama nimetumwa na Ombati. Nikawaonyesha chupa yangu na ubao. Nikaeleza kuinama na kulala kwa maji. Walinisikiliza kwa adabu, kisha kila upande ukapiga vigingi vyake ili uone kama nitavivuka. Nilipokwenda ofisini mjini Kisii, niliambiwa Afisa wetu amehamishiwa wilaya nyingine. Aliyekikalia kiti chake alifungua ramani, akaweka kidole kwenye mstari wangu mzuri. "Huu ni mpaka," alisema. "Atakayeuchimba atajieleza."

Maji hayakukatika siku moja. Yalipungua. Gurudumu lilianza kusita, kisha likawa linazunguka asubuhi tu, kisha baada ya mvua kubwa tu. Akina mama walianza kupeleka nafaka Keroka. Siku moja nilikuta Mzee Ogeto amekalia gunia langu la kwanza karibu na mlango. Nikajua atauliza, nami nikaogopa swali kama siku ile.

"Unasikia nini, momura?"

"Sisikii kitu, Mzee."

"Mimi bado nasikia," alisema. "Lakini ni masikio ya mazoea." Hakunilaumu, siku hiyo wala siku nyingine hadi alipokufa. Afadhali angenilaumu.

Niliajiriwa kwenye mashine ya dizeli Keroka. Mwenye Mashine aliniona nimeinamisha kichwa karibu na mkanda, akapaza sauti, "Hapa hatusikilizi! Hapa tunasaga!" Baadaye nilihamia Nyamira kwenye mashine kubwa zaidi, chini ya Meneja aliyevaa tai katikati ya vumbi la unga, na huko ndiko nilikostaafia. Nilikuwa fundi mzuri. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu hofu yangu ilinifanya nikague kila skurubu. Lakini mashine ya dizeli inamaliza kikapu kabla mtu hajauliza habari za nyumbani. Mong'ina Kerubo alikuja Keroka mara moja tu. Alitia mkono kwenye unga wake, akautoa haraka.

"Unga huu una homa," alisema. Akaangalia huku na huku kwenye kile chumba. "Na hakuna hata pa kukaa niutukane."

Sasa nimerudi nyumbani. Kinu kimebaki ukuta mmoja wenye nyasi. Jiwe la juu liko kwenye boma la mtu, wanalikanyaga wakitoka kwenye tope. Mfereji umejaa udongo kabisa. Usipoambiwa, hutajua palipita kitu, isipokuwa utashangaa kwa nini ua wa miti unakwenda umepinda ubavuni mwa kilima, badala ya kushuka moja kwa moja mtoni kama nyua nyingine.

Juzi niliitwa huko. Mwana wa Ombati na mwana wa Mokua walikuwa wanagombana kuhusu kipande ambacho ua wake ulikuwa umekufa, na mzee wa kijiji alisema mimi ndiye niliyebaki ninayeukumbuka mfereji. Niliwaomba chupa na ubao. Walidhani natania, lakini wakaleta. Nilitembea polepole nikiyatazama maji ndani ya chupa, magoti yakiniuma, hadi nikafika mahali ambapo miguu yangu ilijua. Nikasimama. Nikasema hapa.

"Hapa ndipo mpaka?" aliuliza mwana wa Mokua.

"Hapa palikuwa na maji."

"Ndiyo, Mzee, lakini yalikuwa ya nani? Ya kwao au ya kwetu?"

Nilifikiri juu ya wale waliokuwa wakikaa majanini kule chini na vikapu vyao vimefuatana. Nikamwambia yalikuwa ya Mong'ina Kerubo. Wakatazamana, kwa sababu hakuna kati yao aliyemjua. Kisha wakaniomba nisogee kidogo, wakachimba shimo mahali nilipokuwa nimesimama, wakapanda mti wa mpaka.